Konde Lililobaki Wima

Kwachu, kwachu, kwachu.

Sauti ya miundu. Suyun hajaisahau, wala hadhani kwamba ataisahau. Bonde zima lilikuwa likikata mierebi siku ile, kila nyumba katika konde lake, wanawake wamejifunga vitambaa vichwani, wanaume wamevua mashati, na hakuna aliyeimba. Watu wa Tuta la Tao wakikata fito huimba, au hutukanana kwa mapenzi, au humsengenya mke wa mtu ambaye hayupo. Siku ile ilikuwa kwachu, kwachu tu, kutoka ukingo wa mto mpaka chini ya tuta lenyewe, kama kundi kubwa la ng'ombe wanaolishwa kwa haraka kabla ya kuhamishwa.

Alfajiri kipaza sauti cha kijiji kilikuwa kimetangaza. Mto Huai umefurika kupita kiasi. Miji ya chini iko hatarini. Lango litafunguliwa kesho asubuhi na maji yataletwa bondeni. Watu wapande tutani na mifugo yao. Hakuna aliyeuliza kwa nini wao. Bonde lile ni bakuli la mto tangu wazee wao walipokuwa vijana. Mto ukizidiwa, humimina humo. Ndiyo maana vijiji vimejengwa juu ya matuta ya udongo, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, na ndiyo maana huko chini makondeni watu hupanda mierebi ya vikapu, mti usioogopa maji.

Hauogopi maji, lakini una masharti yake. Mwerebi ukisimama majini huku kichwa chake kikiwa nje, huvumilia. Hupumua kwa ncha zake na kungoja. Ila fito zilizosimama majini si fito tena: huota ndevu za mizizi ubavuni, tope hulowea gandani, hazimenyeki wala hazisukiki. Mwenye kutaka mavuno sharti akate kabla maji hayajafika. Na akikata, anaacha kisiki kifupi chini ya maji, hakina pua ya kupumulia, nacho hufa. Kwa hiyo ukikata unakula mwaka huu na kuua shina. Ukiacha unaokoa shina na kulala njaa.

Bonde lote lilikuwa limechagua kula. Suyun alikuwa amekaa ukingoni mwa konde lake, mundu mapajani, akitazama.

"Shemeji!" Ge wa Tatu alimwita kutoka konde la pili. Alikuwa jirani yake wa konde na wa ukuta, na marehemu mume wa Suyun alikuwa akimwita kaka. Kwa hiyo Suyun ni shemeji yake, na kwa shemeji utani una ruhusa. "Shemeji, huo mundu umeuleta upunge upepo?"

"Unakutazama wewe ulivyo mvivu."

"Mvivu mimi? Nimeshamaliza nusu! Ngoja nije nikate na lako. Ujira wangu bakuli la tambi tu, na usinibanie pilipili."

"Usiguse, Tatu."

"Nisiguse nini?"

"Konde langu. Naliacha wima."

Ge aliinua mgongo. Alipangusa jasho kwa kiganja chenye majani, akabaki na jani moja limemganda kwenye nyusi, na hakulitoa. Mkewe, Lianzhi, aliyekuwa akifunga matita nyuma yake, naye akasimama.

"Dada Suyun, leo si siku ya mzaha. Maji ni kesho."

"Najua ni kesho. Haya, mkimaliza kukata nyote, mwakani mtapanda nini? Pingili za kupandia mtazitoa wapi?"

Miundu ya karibu ilinyamaza. Kila mtu alikuwa analijua swali hilo, na kila mtu alikuwa amelifunika kwa kelele za mundu wake.

"Shemeji ana akili ya panya," Ge akasema. "Wenzake wanakula, yeye anaficha ghalani."

"Nyamaza wewe! Anasema kweli," Lianzhi alisema. "Dada, acha hivyo hivyo. Theluji ikiyeyuka tutakuja kununua kwako. Mimi wa kwanza."

"Na mimi!" sauti ya mwanamke ilisema nyuma ya majani.

"Na sisi tupo!" mwingine akaongeza, na miundu ikaanza tena, kwachu, kwachu, safari hii na kicheko kidogo ndani yake.

Jioni mwanawe alimpigia simu. Weilin alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli, mbali, pwani. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na nyundo.

"Mama, nimesikia. Umekata?"

"Sijakata."

"Kata, mama. Hata nusu."

"Nusu ndiyo nini? Kisiki hakifi nusu."

"Utakula nini majira ya baridi?"

"Kwani nimewahi kukuomba chakula?"

Nyundo zikajibu kwa niaba yake. Kisha akasema, "Baba angekata," naye Suyun akajua kwamba mtoto hakumjua baba yake.

Kwa maana mierebi ile, yenye ganda jekundu na nyama nyeupe kama tui, ililetwa na baba huyo. Kabla yake Tuta la Tao walipanda mwerebi wowote waliopewa na yeyote, mwaka mmoja unapinda vizuri, mwaka wa pili unakatika kama biskuti. Desheng, mumewe, akasikia habari za mzee mmoja juu ya mto, mwenye kishamba kidogo kwenye kona ya maji, ambaye fito zake unaweza kuzifunga fundo na zisipasuke. Walikuwa wameoana msimu mmoja tu. Akachukua baiskeli ya kuazima akaenda. Mzee yule alikataa kuuza. Akamwambia: kwanza panda mstari mmoja hapa katika ardhi yangu, nione mkono wako. Desheng akapanda. Mzee akamwambia: panda mwingine. Akapanda mpaka jua likazama, na ndipo mzee akamkatia kadiri mgongo wake ulivyoweza kubeba, wala hakumuuzia hata moja zaidi, kwa kuwa anayebebewa, alisema, hajali.

Alirudi na gunia lililolowa mgongoni, shati limemganda, anakohoa. Akazilaza pingili ndani, karibu na kitanda, na kila alipoamka alizinyunyizia maji. Bi harusi wake alivumilia siku za mwanzo.

"Nani hasa uliyemuoa?" akamuuliza mwishowe. "Mimi au hizo fimbo?"

"Wewe huhitaji kunyunyiziwa," Desheng alisema.

Naye akachukua kata ya maji akamnyunyizia usoni, na ndivyo Suyun alivyoanza kuipenda kazi ile. Akajifunza kukata pingili majani yakishaanguka, wakati mti umelala na haujui kwamba unakatwa. Akajifunza kuzizika mchangani kando ya ukuta wa kaskazini, zisigande wala zisiamke mapema. Watu wengine walikata pingili fupi kama kidole; Desheng alizikata ndefu, kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole, kwa sababu kila mafuriko yakiondoka huacha tope jipya, na pingili fupi huzikwa hai. Mapafu ya Desheng yalipomshinda, Suyun aliendelea peke yake, na jina la konde likabadilika bila mtu kulibadilisha. Watu wakaanza kusema: nenda kwa Suyun.

Kila mwaka wanunuzi walikuja barafu ilipolegea. Walikaa uani kwake kwenye vigoda, wakanywa maji ya moto, wakatafuna mbegu za alizeti, na hakuna aliyetaja pingili mpaka kikombe cha pili. Ndipo mgeni angeinama, achomoe moja katikati ya fungu, si ya juu, akwangue ganda kwa ukucha. Chini yake kijani. Ukucha ule ndio uliokuwa mapatano yote. Suyun angeongeza kifungu cha zile zitakazokufa, mgeni angekataa, yeye angekitupa kwenye guta lake kwa nguvu, na wangeagana kwa kugombana. Alikuwa amezeeka katika kelele hizo. Alipotembea bondeni majira ya joto, kila konde alilolitazama lilikuwa limetoka katika mikono yake, naye alipita katikati ya makonde ya watu kama mtu apitaye katika chumba cha wajukuu waliolala.

Maji hayakuja kwa kishindo. Wasioyajua hudhani huja kwa kishindo. Yalikuja kama mstari wa kahawia shambani, yakisukuma povu na mabua, panya wakitangulia, na saa ya chakula cha mchana visiki vya watu vilikuwa vimefunikwa. Juu ya tuta bata walipiga kelele kwenye vyumba vya watu, matita ya fito yalirundikwa mpaka madirishani, na kila mlangoni mtu alikaa akivuta fito kwenye uma wa chuma, ganda likichanika, shrii, na harufu ya mti mbichi ikazima harufu ya tope.

Kesho yake likabaki konde moja tu. Ncha za mierebi ya Suyun zilitokeza juu ya maji, pembe nne, kama kitambaa cha kijani kilichotandikwa juu ya chai ya maziwa.

Alishuka kila siku mpaka ukingo wa maji. Bibi Ge, mama yake Ge wa Tatu, alimfuata na kigoda chake. Bibi alikuwa amekula chumvi nyingi, macho yake yalikuwa na ukungu, na mdomo wake haukuwa na ukungu hata kidogo.

"Bado zipo?"

"Zipo, mama."

"Zinapumua?"

"Zinapumua."

"Heri yao. Mimi nimelazwa chumba kimoja na bata wa mkwe wangu. Usiku kucha wananisema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba ninakoroma."

Suyun alicheka, kisha akanyamaza, kwa sababu maji yalikuwa yamepanda tena. Sasa zilibaki ncha tu, urefu wa kiganja, na juu ya kila ncha viumbe vilivyokosa pa kwenda: panzi, vyura, nyoka wembamba waliojizungusha kimya pamoja na vyura wale wale ambao kwa siku nyingine wangewala. Upepo ulipovuma, kitambaa kizima kilizama kikaibuka.

"Suyun, mbona umeninyamazia? Zinapumua?"

"Zinapumua, mama," alisema. Alikuwa amelishika bega la bibi kizee, akalibana mpaka bibi akamwambia aache, mfupa ni wake.

Maji yakashuka. Yalishuka polepole, kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini bado anakumbuka maneno, na nyuma yake bonde likanuka. Visiki vya watu vilikuwa vyeusi. Ukivibonyeza kwa dole gumba, ganda liliteleza kama la harage lililochemka. Katika konde la Suyun kila ufito ulikuwa umeota ndevu nyekundu mpaka pale maji yalipofika, umejaa tope, haufai kwa kikapu chochote duniani. Juu ya ndevu ulikuwa safi, na chini, shina lilikuwa hai.

Ge wa Tatu alikuja kuona. Alizunguka konde lote, viatu vikimzamia, na kwa mara ya kwanza tangu Suyun amjue hakupata la kutania.

"Ulijua, shemeji."

"Desheng ndiye aliyejua. Mimi nilikumbuka tu."

"Mwakani, basi."

"Mwakani."

Lori la karakana ya vikapu lilipokuja kuchukua fito nyeupe, Suyun hakuwa na la kupakia. Alisaidia kupakia za wengine. Majira yale ya kupukutika majani alikula mikate ya mvuke na majani ya haradali ya chumvi, asubuhi hivyo, jioni hivyo, na Weilin alipotuma pesa alinunua mchanga safi wa kuzikia pingili. Majani yalipoanguka akakata pingili, akichukua sehemu za juu tu, zile ambazo hazikuguswa na maji. Alikata mpaka vidole vikapasuka kwa baridi. Hakuwahi kuzika nyingi kiasi kile, handaki lilipita pembe ya nyumba likaingia hadi kwenye banda la kuku, naye akawaambia kuku wavumilie, ni kwa ajili ya bonde zima.

Habari ilifika kabla ya sikukuu ya mwaka mpya. Watu waliitwa kwenye uwanja wa kuanikia ngano. Kijana mwenye koti safi alisimama juu ya jiwe la kupuria, akasema kampuni yake ingependa kukodi ardhi yote ya chini, bila kuacha pengo, wachimbe mabwawa ya yungiyungi na samaki. Aliongea kwa adabu. Alisema mambo mengi kuhusu watalii, na watu waliendelea kutafuna mbegu zao. Kisha akasema, "Na maji yaje, yasije, nyinyi mnalipwa."

Hapo mbegu ziliacha kutafunwa.

Suyun alizitazama nyuso. Alikuwa akizijua zote, aliziona zikiwa changa. Alitaka azione zina uchoyo, au woga, apate kuzichukia. Aliona tu watu waliotuliwa mzigo mabegani, ambao hawakuwa wamejua mpaka dakika ile kwamba mzigo ule unaweza kutuliwa.

Jioni Ge wa Tatu alikuja mlangoni kwake, asiingie.

"Ingia, kuna baridi."

"Niko sawa hapa." Alikuna kichwa. "Shemeji, unajua tunahamia mjini. Yale maghorofa. Lianzhi amepata kazi ya kushona mabegi."

"Lianzhi alisema atakuwa wa kwanza."

"Alisema. Ndiyo maana nimekuja mimi." Alitazama viatu vyake. "Si kwamba ulikosea. Sote tunasema: Suyun alikuwa sawa, Suyun peke yake. Lakini mimi nimeyaona maji yale tangu nanyonya. Kila kipaza sauti kikikohoa, naanza kufunga mizigo. Sitaki tena kupanda kitu kisha nikae kumsikiliza mtu wa mbali akiniambia kama nitakivuna."

"Mti huu hauogopi."

"Mti hauogopi, shemeji. Mimi ninaogopa."

Akaondoka. Suyun akarudishia mlango.

Konde lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa jina la Weilin, mwanamume wa nyumba. Alipiga simu usiku wa sikukuu, fataki zikipasuka pande zote mbili.

"Mama, nimewakubalia."

Suyun alihamishia simu sikio la pili.

"Mama? Ningekataa, wangelizunguka tu. Ungebaki na konde katikati ya mabwawa, kama sahani. Njoo huku kwetu. Kuna chumba."

"Kina dirisha?"

"Kidogo."

"Linatazama nini?"

"Ukuta, mama. Lakini ni ukuta safi."

Hakumlaumu. Mtoto alikuwa amejaribu kumchekesha, na alifanana na baba yake alipofanya hivyo. Alimwomba kitu kimoja tu, wamwachie konde mpaka theluji iyeyuke, na Weilin akasema atawaambia. Labda aliwaambia. Tingatinga liliingia bondeni theluji ikiwa bado kwenye mitaro. Visiki vya wengine viliinuliwa rahisi, vimeoza. Vya Suyun vilishika ardhi. Dereva alilazimika kurudi nyuma na kuvisukuma upya, akitukana, na mizizi ilipokatika ilitoa sauti ambayo Suyun, juu tutani, aliingia ndani asiisikie.

Kwa hiyo zikabaki zile pingili za mchangani. Mwerebi wa Desheng, wote uliokuwapo, ulikuwa umelala katika handaki kando ya ukuta wa kaskazini, na ungeamka baada ya majuma machache, kuwe na mwenye kuupanda au kusiwe. Tuta lenyewe halikuwa na pa kupanda hata kitunguu. Lilikuwa nyumba, ukuta, nyumba. Ilibidi apatikane mtu mwenye ardhi.

Aliyafukua mafungu, akayapanga langoni penye jua, akayafunika kwa gunia lililolowa. Akachemsha maji. Akaweka vigoda.

Mtu wa kwanza kusimama alikuwa mwanamke wa mjini mwenye gari dogo jeupe. Suyun alimkaribisha, akammiminia maji, akamngoja amalize ya kwanza, akammiminia ya pili.

"Mama, una zile zilizojipinda-pinda? Za kuweka kwenye chombo cha maua?"

"Hizi zinanyooka, binti yangu. Ndiyo sifa yake."

"Ah." Alizitazama kwa huruma. "Zilizojipinda ndizo nzuri." Akapiga picha ukuta, akaondoka.

Siku ya gulio alipakia mafungu kwenye guta la kuazima akaenda mji mdogo. Alikaa kati ya muuza vifaranga na muuza soksi. Watu walipita. Mchana ulipofika akaanza kuwaita yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Chukua. Ni bure."

"Bure?" mzee mmoja alisimama. Aliinua pingili, akaikwangua kwa ukucha, na Suyun akainuka. "Ni hai. Kwa nini bure?"

"Nataka zipandwe tu."

Mzee aliirudisha taratibu. "Kitu kizima cha bure kina mdudu ndani, mama. Na nikishaupanda, nani anasuka siku hizi? Mjukuu wangu ana kapu la plastiki, lina magurudumu."

Muuza soksi ndiye aliyechukua fungu moja, ili atundikie soksi.

Pingili zikaamka. Vichipukizi vilivimba, vikapasua maganda yao, vikatoa manyoya ya kijivu, laini kama masikio ya sungura, fungu kwa fungu, bila ardhi, zikila akiba ya mwili wao wenyewe. Suyun alizimwagia maji asubuhi na jioni. Alijua kwamba kila siku ya kuchipua hewani ni siku inayokatwa kwenye uhai wa mzizi. Alizimwagia hivyo hivyo. Kwenye simu alimwambia Weilin kwamba atakuja, mwezi ujao, akimaliza kazi.

Asubuhi moja alikuwa jikoni aliposikia guta la umeme likisimama langoni. Alichungulia dirishani. Ge wa Tatu, ndani ya koti lake kubwa la zamani, alikuwa ameinama juu ya mafungu. Alifunua gunia. Alichomoa pingili katikati, si ya juu, akaikwangua kwa ukucha.

Suyun aliacha kila kitu. Akatafuta kikombe kisicho na ufa, akamimina maji ya moto, yakamwagika, akamimina tena. Akajiambia kwamba huko mjini huenda kuna kiwanja nyuma ya maghorofa. Mstari mmoja. Hata mstari mmoja unatosha. Desheng alianza na mgongo mmoja.

"Tatu! Kaa, mbona umesimama kama mtoza kodi? Kaa unywe..."

Ge hakukaa. Alipiga magoti kizingitini, mikono yote miwili chini, akagusa udongo kwa paji la uso, na koti lilipofunguka Suyun akaona kitambaa cheupe kimefungwa kiunoni. Hivyo ndivyo mtoto huja kutoa habari ya kifo cha mzazi.

Kikombe alikiweka chini.

"Mama?"

"Jana, mchana. Alikuwa amekaa dirishani. Lianzhi alidhani amesinzia." Ge aliinuka, akipangusa vumbi la paji la uso na kulisambaza. "Alikuwa akiuliza tu, huko chini kuna nini, huko chini kuna nini. Tunamwambia, magari. Anasema hamjui kutazama."

Suyun alimshika mkono, akamketisha kwenye kigoda. Ge alikunywa yale maji kwa sababu yalikuwapo.

"Nimekuja kutafuta fimbo za msiba, shemeji. Duka la vitu vya msiba kule mjini wanauza mabomba ya plastiki, wameyazungushia karatasi nyeupe. Mama aliyaona kwenye mazishi ya jirani wa ghorofa ya chini. Akasema, nikifa, mtu asinilie na bomba mkononi."

Suyun alicheka, na kicheko kilipotoka hakikuwa tena kicheko. Alipiga magoti penye mafungu. Fimbo ya msiba ni ya mwerebi, na huwa fupi makusudi, ili mwana ainame anapoishika nyuma ya jeneza. Pingili za Desheng zilikuwa na urefu ule ule. Alichagua zilizonyooka na nene, moja ya Ge, za kaka zake, za vijana wao, na kwa kila moja alipitisha kidole akiangusha yale manyoya ya kijivu, kwani fimbo ya msiba haivai mapambo.

"Kiasi gani, shemeji?"

"Hizi haziuzwi. Hujui?"

"Najua. Nimeuliza ili nisiwe mtu wa bure."

Alizifunga kwa ganda lililolowa. Akiwa bado ameinama akauliza, "Mtazisimika kaburini?"

Zamani zilisimikwa. Baada ya udongo kujazwa kila mwana huichomeka yake pembeni mwa kaburi na kuondoka bila kugeuka. Na mwaka wa pili watu hupita kutazama ipi imeshika.

Ge aliweka kikombe chini. "Makaburi ya mjini ni saruji, shemeji. Hamna pa kuchomeka. Watazichoma pamoja na karatasi."

"Sawa."

"Nilitaka nikudanganye."

"Sawa, Tatu. Saruji ni saruji."

Ge alisimama. Alitazama mafungu yaliyobaki, yote yamevaa manyoya, yakijaa lango zima mpaka kwenye banda la kuku. Alichukua kifurushi, akachomoa fimbo yake mwenyewe kwa ajili ya njia, kama wafanyavyo wafiwa, akaishika popote mkono ulipoangukia: upande mnene juu, ule mwembamba chini, vichipukizi vyote vikitazama ardhi. Pingili iliyoshikwa hivyo haiwezi kuota mahali popote, hata ingepata udongo mwema kuliko wote.

Suyun alimfuata mpaka kwenye guta. Alimgusa mkono, na aliposema sauti yake ilikuwa ndogo sana, kama ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala ndani.

"Umeishika kichwa chini, shemeji. Igeuze."